Muacheni Kenny Rogers Apumzike

Kila Ijumaa, kuanzia saa tisa hivi mchana, simu yangu huanza kuleta swali lile lile: leo twende tukamwone nani? Anayeuliza huwa mwanafunzi mwenzangu, au binamu aliyepata mshahara, au mtu niliyekutana naye mara moja harusini akasikia kwamba tasnifu yangu ya uzamili inahusu muziki wa kantri katika baa za Nairobi na Nakuru. Anataka jina la msanii chipukizi, mahali, na bei ya kiingilio. Kwa mwaka mzima nimekuwa nikiwapa. Nenda kwa fulani, ana sauti ya Don Williams. Nenda kwa fulani, ukifumba macho utadhani Jim Reeves amefufuka.

Nimeacha. Sijaacha kupendekeza wasanii, nimeacha kupendekeza hivyo. Ukifumba macho! Nani analipa shilingi 500 mlangoni ili akafumbe macho?

Neno langu ni fupi na najua litawaudhi baadhi ya mliowahi kununua bia yangu. Msanii chipukizi wa kantri anayestahili nauli yako ni yule mwenye nyimbo zake mwenyewe. Wapo. Wasiposikika, kosa si lao, ni letu sisi tunaoketi mezani. Tumechukua vijana wenye vipaji tukawageuza redio zenye miguu, kisha tunalalamika kwamba Kenya haina kantri yake.

Sisemi haya kama mtu asiyezipenda nyimbo za zamani. Nimelelewa nazo. Kwetu ni upande wa Ol Kalou, Nyandarua, ambako baridi ya Julai huingia hadi ndani ya pipa la unga, na baba yangu hulima viazi. Redio yake ilikuwa ya mawe makubwa, imefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na jioni ilikaa kwenye idhaa ya Kiingereza ya KBC, kipindi cha Sundowner. Baba hakuwa na Kiingereza kingi. Alikuwa na Jim Reeves. Nilipokuwa darasa la pili nilidhani Jim Reeves ni mtu wa parokia yetu, kwa sababu kila tulipozika mtu spika zilianza naye kabla padre hajashuka garini. Guka naye alikuwa mtu wa Charley Pride. Alimsikiliza miaka na miaka kabla ya kuona picha yake, na siku alipogundua kwamba mwenye sauti ile ni Mweusi kama yeye alicheka hadi akakohoa. Hakuwa peke yake. Kampuni ya RCA ilipoanza kutoa santuri za Pride mwaka 1966, ilizipeleka redioni bila picha yake, ili Wamarekani wausikie wimbo kabla ya kuiona ngozi.

Kwa hiyo naijua njaa inayomtoa mtu nyumbani Ijumaa usiku. Ni njaa ya baba aliyekuwa kimya siku nzima, kisha redio ikaimba na uso wake ukalegea. Siidharau. Ninachosema ni kwamba tunailisha chakula cha jana, na mpishi yuko jikoni na sufuria inachemka.

Agosti mwaka jana baba alishuka Nakuru kwa mambo ya mbegu, nami nikatoka Nairobi kwenda kumlaki. Nilitaka kumfurahisha. Nikampeleka mahali fulani ambako Ijumaa ni usiku wa kantri. Sitapataja jina, maana mahali pa aina ile ni pengi na hapo hapazidi pengine kwa dhambi. Tukaagiza kilo moja ya mbuzi. Yeye alikunywa soda, mimi bia moja niliyoinywa kwa adabu kwa sababu nimekaa na baba. Kwenye jukwaa, ambalo lilikuwa mbao zilizolazwa juu ya kreti za soda, alisimama dada wa umri wangu kutoka Molo. Hakuvaa kofia ya kikauboi. Alijifunga leso kichwani, na gitaa lake lilikuwa limebandikwa selotepu ubavuni. Nyuma yake palikuwa na mpiga besi na kijana wa kinanda.

Kwa saa nzima alipiga kopi, na alizipiga vizuri. Baba alikuwa akitikisa kichwa kwa Jim Reeves kama mtu anayekubaliana na hoja mkutanoni. Mimi nilituma shilingi 200 kwenye nambari iliyobandikwa kwenye spika, nikaomba Dolly Parton, nikapewa Dolly Parton.

Kisha akanywa maji, akasogea kwenye maikrofoni, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, "Huu mmoja ni wangu."

Ulikuwa wa Kiswahili, na neno moja moja la Kikuyu. Ulihusu lumbesi. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuza viazi: lumbesi ni gunia lililoongezwa kipande kingine au wavu juu, likajazwa hadi likawa na kilemba, kisha likahesabiwa kuwa gunia moja. Kanuni za mwaka 2019 zinasema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Barabarani kwetu sijaona kanuni hizo zikishuka kwenye lori. Katika wimbo wake mjane amekaa kando ya barabara na magunia sita tangu alfajiri. Lori linafika saa nane. Dalali anashuka, anasema magunia hayajashiba. Vijana wake wanapanda juu na kuyakanyaga ili ipatikane nafasi ya kuongeza. Mjane anaviangalia viatu vyao, anaona udongo wa shamba lake mwenyewe kwenye soli, na anaanza kuhesabu karo kwa vidole. Gitaa lilikwenda polepole, kama lori lile lile likipanda mlima kwa gia ya kwanza.

Baba aliacha kutafuna.

Mwisho wa ubeti wa pili mhudumu akapita na tishu iliyoandikwa kwa kalamu, ndani yake noti ya elfu moja. Watu wa meza iliyokuwa karibu na jukwaa walikuwa wakigonga chupa kwa funguo za gari: "Kenny! Tupatie Kenny!" Meneja alisimama kwenye kaunta akazungusha kidole hewani, ile ishara ya geuza. Yule dada akamwangalia mpiga besi. Gitaa likasimama katikati ya mstari, likatulia kidogo, kisha likaingia kwenye wimbo wa mcheza karata wa Kenny Rogers, ule unaojulikana kutoka Kisumu hadi Voi. Baa nzima ikaimba.

Nami niliimba. Hilo lazima liandikwe, la sivyo makala haya ni uongo. Niliimba kiitikio chote nimeinua chupa, mtafiti mzima wa muziki, na daftari langu la utafiti liko kwenye mkoba.

Baba hakusema kitu hadi tulipofika mlango wa gesti. Yeye huniita Mama, kwa sababu nina jina la mama yake. "Mama," akasema, "yule mjane aliuza, ama alikataa?"

Sikujua.

Baada ya wiki mbili nilirudi kumuuliza mwenye wimbo. Nikaambiwa haji tena. Walikuwa wamemwambia achague kati ya nyimbo zinazoombwa na nyumbani, akachagua nyumbani. Nilikaa na meneja kwenye kaunta nikamuuliza kwa nini. Alikuwa mtu mwenye heshima zake, na alinijibu bila ukali: "Dada yangu, mteja hanywi na wimbo asioujua."

Nimeibeba sentensi hiyo miezi mingi, kwa sababu inasikika kama ukweli. Si ukweli. Tembea hatua chache kutoka kwenye baa ile, ingia kwenye mugithi. Mpigaji mmoja, gitaa moja, watu wamejipanga mmoja nyuma ya mwingine kama mabehewa, na katikati ya nyimbo za Kamaru anatupia beti za mambo yaliyotokea Jumanne. Wanazisikia kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyeweka chupa chini. Shuka Pwani uingie kwenye taarabu. Kule mama akisikia ubeti mpya unaomgusa, au unaomgusa jirani yake, anainuka kwa madaha kwenda kumtunza mwimbaji, noti kwa noti, ukumbi wote ukimtazama. Anatunza maneno. Mteja wetu wa kantri ni yule yule anayecheza mugithi Jumamosi na kumtunza mwimbaji harusini Jumapili. Akivaa kofia ya kikauboi tu ndipo anapotaka asisikie jambo jipya.

Na tukisema tunafuata desturi za Nashville, basi tuzifuate sawasawa. Iko sehemu pale inaitwa Bluebird Cafe, ilifunguliwa mwaka 1982, na ukiipita kwa gari huwezi kuitambua. Imebanwa katika safu ya maduka ya kawaida, na ndani yake kuna viti tisini hivi. Garth Brooks aligunduliwa pale. Taylor Swift akiwa bado msichana mdogo alionwa pale na mtu aliyekuja kumpa mkataba. Sifa ya chumba kile ni mambo mawili: watunzi hukaa katikati wakiimba walizotunga wenyewe, na anayepiga kelele huambiwa anyamaze. Yaani katika mji ule ule ambao nyimbo zake tunazinakili, mahali padogo panapoheshimiwa kuliko pengine ni mahali ambapo mtunzi husikilizwa na wimbo usiojulikana na mtu. Kama yule dada wa Molo angezaliwa Tennessee, angenyamaziwa. Amezaliwa Molo, anagongewa chupa.

Kuna kundi la pili ninalopaswa kugombana nalo, na hili liko karibu nami zaidi, kwenye ukumbi wa semina. Hawa hawaombi Kenny. Hawa wanashangaa kwamba mtu mwenye akili anaandika tasnifu kuhusu muziki wa wakulima wazungu wa Marekani, na wanaposema neno ukoloni huniangalia kwa huruma. Sitapoteza muda mwingi nao. Banjo ina ukoo Afrika Magharibi. Maybelle Carter wa ile familia ya Carter alijifunza mambo ya gitaa kwa Lesley Riddle, Mweusi. Hank Williams alifunzwa mtaani na Rufus Payne, Mweusi. Usiku ule wa mwaka 1927 jina la Grand Ole Opry lilipotajwa redioni kwa mara ya kwanza, aliyekuwa ametoka kupiga alikuwa DeFord Bailey na kinanda chake cha mdomo, Mweusi, ambaye mwaka 1941 alifukuzwa kwenye kipindi hicho na akaendelea kuishi kwa kung'arisha viatu. Ukumbi wa heshima wa kantri ulimpokea mwaka 2005, akiwa kaburini kwa zaidi ya miaka ishirini. Anayetaka kutuambia mwenye muziki huu ni nani aanzie hapo.

Lakini kinachonikera kwa wasomi hawa ni kwamba wao na ile meza ya funguo za gari wanaamini jambo moja. Wote wanaamini kantri ni kitu cha kule. Mmoja anakipenda kwa sababu ni cha kule, mwingine anakichukia kwa sababu hiyo hiyo. Na hakuna kati yao anayejua habari za Kapkatet.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka sehemu hii ya Afrika akirekodi muziki, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis. Akarekodi nyimbo zinazomtaja mtu aitwaye Chemirocha. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers wa Mississippi, mfanyakazi wa reli aliyefariki kwa kifua kikuu mwaka 1933, ambaye Wamarekani humwita baba wa kantri. Sauti yake ilikuwa imewafikia Wakipsigis kwa gramafoni, na jina lake lilipopita kwenye ulimi wao likatoka limevaa nguo za nyumbani. Katika rekodi inayojulikana zaidi anaimba Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake, na nyuma yao kinubi. Tracey aliandika kwamba Chemirocha wao amekuwa kiumbe nusu mtu, nusu swala.

Nimeisikiliza rekodi hiyo usiku mwingi kuliko ninavyoweza kukiri. Haina gitaa. Haina Kiingereza. Hakuna anayejaribu kumwiga Rodgers anavyopandisha sauti. Wasichana wale walimsikia mtu wa mbali mwenye sauti ya ajabu, na walichofanya ni kumtungia wimbo wao, kwa ala yao, wakampa kwato. Hakuna aliyewaambia kwamba mteja hanywi na wimbo asioujua. Miaka zaidi ya sabini iliyopita, vijijini, bila spika wala kofia, tulikuwa mbele ya hapa tulipo sasa Ijumaa usiku.

(Nikiwa hapo: upande wa pili wa bahari mambo yamegeuka. Kijana mmoja wa Virginia mwenye wazazi Wanaijeria aliitwa Chibueze, kocha wake wa shule akashindwa kuliandika jina hilo, na kosa la kocha likawa jina la jukwaani: Shaboozey. Mwaka 2024 wimbo wake wa baa ulikaa nambari moja Marekani wiki 19. Kapkatet walimfanya Rodgers kuwa Chemirocha, Virginia ikamfanya Chibueze kuwa Shaboozey. Muziki huu haujawahi kuogopa jina lililokosewa.)

Basi mnaniuliza twende kwa nani.

Nitaanza na asiyekuwa chipukizi, kwa sababu ya heshima. Sir Elvis, yaani Elvis Otieno, alizaliwa mwaka 1977, mwaka ambao Presley alifariki, na wazazi wake wakampa jina. Amesimama jukwaani miaka mingi na ndiye aliyeizoesha Nairobi kwamba Mkenya anaweza kuipiga kantri usiku kucha na ukumbi ukajaa. Chipukizi wengi wamepita mlango alioufungua. Nenda ukamwone ujue kiwango: jinsi anavyoishika hadhira, jinsi bendi inavyojua ataingia wapi. Kisha, kwa jina la Mungu, usiende kwa kijana wa miaka 23 ukamtaka awe Sir Elvis.

Esther Konkara mfuate kwa sababu nyingine. Wanawake waliosimama waziwazi na jina la kantri katika Nairobi ni wa kuhesabu kwa vidole, na meza ya funguo za gari humgongea mwanamke chupa kwa nguvu mara mbili. Ukienda kumwona, kaa mbele.

Kama una pasipoti na fedha, au ukisikia wanakuja upande huu, usiwakose Dusty & Stones. Hawa ni binamu wawili kutoka Mooihoek, Eswatini. Walisafiri hadi Nashville kurekodi na hadi Texas kushindana, na safari hiyo ikawa filamu ya Jesse Rudoy iliyotoka mwaka 2022. Nilipoitazama niliwaza kitu kimoja. Kwa Mmarekani wawili hawa wangeweza kuwa kichekesho kizuri, Waafrika wenye kofia wanaojua nyimbo zake zote. Lakini wanaimba walizotunga wenyewe, na kijiji chao kimo ndani yake. Texas ina vijiji vyake vya kutosha, haikuwa na Mooihoek.

Na nyinyi mlioko Marekani, mnaoniandikia kutoka Dallas na Minneapolis kuuliza kama mnapitwa na mambo ya nyumbani, mna bahati yenu huko. Brittney Spencer, Tanner Adell, Tiera Kennedy, Reyna Roberts: wanawake wanne Weusi walioimba pamoja na Beyoncé kwenye albamu yake ya kantri ya mwaka 2024. Albamu ikapata Grammy, jina lililoandikwa kwenye mabango likawa moja. Wao wanne wana nyimbo zao. Watafuteni kwenye kumbi ndogo kabla bei haijapanda, na msiende kuwaomba wimbo wa Beyoncé.

Hiyo ndiyo orodha, na najua ni fupi. Msimamizi wangu aliposoma rasimu ya sura ya nne aliniuliza mbona wasanii wangu wa Kenya wenye nyimbo zao ni wachache kuliko wapiga kopi, kama kweli ninadai wapo. Nikamjibu kwamba nimehesabu waliobaki. Walioenda nyumbani hawamo kwenye sampuli. Akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Thibitisha." Ana haki. Lakini kuthibitisha ni kupanda matatu kwenda kuwatafuta, na hakuna mfuko wa utafiti utakaonilipia nauli ya kumfuata mtu ambaye hakuimba.

Kwa hiyo fanyeni wenyewe, ni rahisi kuliko tasnifu. Nenda mapema. Chipukizi hupewa saa ya kwanza, viti vikiwa vitupu na jikoni bado wanamenya viazi, na saa hiyo ndiyo anapothubutu kuimba chake, kwa sababu hakuna wa kumkatiza. Ukituma ombi kwa mhudumu, andika kwenye tishu maneno mawili tu: "Wimbo wako." Weka noti ndani, ile ile ambayo ungeweka kwa ajili ya Kenny. Akianza, nyamaza. Usipoupenda, sema hukuupenda. Wimbo mbaya wa mtu aliye hai unaweza kurekebishwa wiki ijayo. Yule dada wa Molo nilimsikia beti mbili tu, na bado ningemwambia kwamba kinanda kinamzidi sauti na kwamba neno "karo" amelitumia mara nyingi mno. Kenny Rogers alifariki Machi 2020. Hatarekebisha kitu. Alichotupa ametupa, na kiko kwenye simu zetu bure.

Na tuache kuogopa kwamba wimbo wa viazi si kantri. Ni nini basi? Kule muziki huu umejaa ardhi, deni, lori, mama anayengoja kando ya barabara, Mungu na pombe katika wiki moja. Sisi tunavyo vyote hivyo. Hatuna farasi wengi, ni kweli. Tuna punda, tuna Canter iliyojaa magunia usiku ikishuka Kinungi bila taa moja. Baba yangu ameimba habari za treni za Marekani miaka arobaini bila kupanda hata moja. Siku ile Nakuru ndiyo mara ya kwanza kumwona akisikia wimbo ambao yeye mwenyewe alikuwa ndani yake, ameketi juu ya gunia.

Nilimpata yule dada mwezi uliopita, kupitia kwa mpiga besi. Anauza dawa za mimea katika duka la pembejeo huko Molo. Hajaacha kutunga. Jumamosi ya wiki ijayo ataimba katika ukumbi ulio nyuma ya duka, peke yake na gitaa, kuanzia saa tisa mchana ili waliotoka mbali wapate gari la kurudi. Kiingilio ni shilingi 300, chai ipo. Nyimbo 11, zote zake. Nilimwomba anieleze kwa simu mjane alifanya nini, akacheka, akasema njoo.

Nilimpigia baba kumwambia. Alinyamaza kidogo, akauliza saa ngapi. Baada ya dakika chache M-Pesa ikaingia: 300, na ya kutoa.